Mekapu isiyochuja kwa joto la Kisumu: nimefika mchanganyiko wa 41, njooni tusemezane

NyarDunga (mwenye uzi)

Habari za jioni wapendwa. Mimi hupamba maharusi, mwaka wa tisa huu, wengi hapa Kisumu na wengine Siaya na Vihiga. Uzi huu si wa kuuza kitu. Tangu Aprili nimekuwa nikichanganya rangi ya mdomo na faundesheni yangu mwenyewe, na nimefika mahali ambapo akili moja haitoshi.

Kilichonianzisha ni bega la mama mmoja. Desemba nilimpamba bibi harusi saa kumi na moja alfajiri. Ibada ikaanza saa tano, ikaisha saa nane, jua kali. Nje ya kanisa mama mkwe akamkumbatia mkaza mwana wake, wakalia wote wawili kwa furaha. Walipoachana, kwenye bega la mama, juu ya lesi nyeupe aliyoshonewa kwa siku hiyo, kulikuwa na uso: paji, shavu na nusu ya mdomo. Ukitazama albamu ya harusi ile, kuanzia hapo mama amesimama upande upande, bega moja amelificha nyuma ya mtu.

Chupa niliyotumia iliandikwa kwamba inadumu saa 24. Na kweli ilidumu, uso wa bibi harusi ulibaki umependeza hadi jioni. Lakini kudumu ni jambo moja, kutochuja ni jambo jingine, na miaka yote niliyofanya kazi hii hakuna aliyenieleza tofauti hiyo. Nimekuja kuielewa kwa kukumbuka kanga mpya. Kanga inaweza kukaa na rangi yake miaka kumi, na bado siku ya kwanza kwenye beseni ikaharibu shuka zote. Rangi iliyozidi, isiyoshikwa na kitambaa, ndiyo inayohama.

Lipstiki ya kawaida ni nta, mafuta na unga wa rangi. Nta inashika umbo, mafuta yanabeba rangi, na mara nyingi ni mafuta ya mbarika. Mafuta hayo hayaruki hewani kama maji. Saa sita baada ya kupaka bado ni mafuta, na unga wa rangi umo ndani yake unangoja kikombe, kola ya shati au shavu la mtoto. Ukiongeza nta unapata lipstiki ngumu zaidi, basi. Mchanganyiko wangu wa 1 hadi wa 9 ulipotelea hapo, nikiongeza nta ya nyuki kijiko baada ya kijiko.

Zile zisizochuja zimejengwa kwa njia nyingine kabisa. Zina kimiminika chepesi kinachoruka, isododekeni, na ndani yake imeyeyushwa resini ya silikoni. Ukipaka, kimiminika kinaondoka ndani ya dakika moja au mbili, resini inabaki utando mkavu, na unga wa rangi unafungwa ndani ya utando huo. Hakuna mafuta ya kuubeba kwenda kwingine. Ndiyo maana lipstiki za maji zinazokauka hutulazimu kusema "usifunge mdomo kwanza". Ukiufunga kabla kimiminika hakijaruka, midomo miwili inagandana na utando unachanika.

Nilidhani nikishapata resini kazi imekwisha. Mchanganyiko wa 12 ulikauka vizuri, kitambaa cheupe kikatoka safi kabisa, halafu nilipocheka ukapasuka kama matope ya ukingo wa ziwa maji yakishaondoka. Resini peke yake ni ngumu kama kioo, na mdomo haukai mahali pamoja. Nikaongeza silikoni nzito ya kulainisha. Wa 23 ukawa laini, ila unanata kutwa nzima na nywele zinaushika. Tangu hapo kazi yangu yote ni kutafuta kati ya hizo mbili.

Sasa kinachonisumbua. Wa 34 nilimpa dada yangu anayeishi Nakuru. Aliuvaa kutoka asubuhi hadi usiku, akanywa chai mara tatu, vikombe safi. Nikauvaa mimi hapa Kisumu, ule ule, chupa ile ile. Ilipofika saa saba mchana ulikuwa umeinuka juu ya mdomo wa juu na pembeni mwa pua, unatoka kama ngozi ya nyoka. Je, ni unyevu wa hewa ya ziwa unaouzuia kukauka? Anayejua anisaidie.

MamaZawadi_Kakamega

Dada, hiyo ya bega naijua. Mwaka 2020 tulipolazimika kuvaa barakoa ndipo nilipoona ni kiasi gani cha faundesheni kilikuwa kinanitoka kila siku. Ndani ya barakoa nyeupe nilikuwa nakuta uso wangu. Wakati huo niliacha kupaka chini ya macho kabisa. Naufuata uzi huu.

BintiMvita

Niko Nakuru kwa kazi lakini kwetu ni Mombasa, na nasoma hapa nikiwaza hina. Bibi zetu walikuwa na rangi isiyochuja kabla ya maabara zote hizi. Hina ikishakauka ukaikwangua, unamshika mtoto, unakanda unga, unafua, na rangi haimshiki mtu mwingine. Inakaa wiki moja, mbili, kwenye viganja hata tatu. Sababu ni kwamba majani yale yana kitu kinachoitwa lawsoni, nacho kinajifunga kwenye keratini, yaani protini ya ngozi yenyewe. Si kwamba hina imekaa juu ya mkono wako. Imeingia kwenye ngozi, na inaondoka ngozi hiyo inapobambuka.

Kwa hiyo nadhani njia ni mbili, dada. Kuivika ngozi utando kama unavyofanya wewe, au kuitia ngozi rangi kama hina. Umewahi kujaribu ya pili kwenye midomo? Nakusihi tu usiguse ile hina nyeusi ya dukani inayokoza kwa dakika chache. Nyingi hutiwa dawa ya kupaka nywele rangi, na nimeona mkono wa binamu yangu ulivyofura malengelenge wiki ya harusi. Alama ilibaki miezi.

MwalimuKemia

Nimefundisha kemia miaka 14, shule mbalimbali za Nyanza, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Kwanza BintiMvita amegusa penyewe. Njia yake ya pili ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1950 mkemia wa Marekani, Hazel Bishop, alianza kuuza lipstiki isiyochuja aliyoitengeneza nyumbani kwake nyakati za jioni, jikoni, baada ya kazi ya maabara mchana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akifanya utafiti wa mafuta ya ndege. Alijaribu michanganyiko zaidi ya 300. NyarDunga, wewe uko wa 41, usikate tamaa. Lipstiki yake ilitumia rangi za jamii ya eosini, ambazo hushikana na protini za ngozi ya mdomo, karibu na vile hina inavyoshikana na kiganja. Nta na mafuta yakifutika, doa linabaki. Ubaya wake ni kwamba rangi za aina hiyo hukausha midomo na watu wengine huwasha na kuvimba. Pia huwezi kupata kila rangi. Kahawia ya chokoleti haitoki kwenye eosini, inatoka kwenye oksaidi za chuma, na hizo ni unga tu, hazishiki ngozi. Ndiyo maana baadaye watengenezaji wakahamia kwenye utando wa silikoni.

Sasa swali la Nakuru na Kisumu. Si unyevu unaozuia mekapu kukauka. Isododekeni haina uhusiano na maji. Inaruka kwa joto na upepo, na Kisumu ina joto zaidi, kwa hiyo kwako inakauka upesi kuliko Nakuru. Tatizo linatoka chini. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, baridi kiasi, na hewa ni kavu. Dada yako akitokwa na jasho kidogo linakauka lenyewe. Kwako hewa tayari imejaa maji ya ziwa, jasho halina pa kwenda. Linakusanyika chini ya utando, na utando wako haupitishi maji, kwa hiyo linausukuma juu. Angalia ulipoinuka: juu ya mdomo wa juu na pembeni mwa pua. Hapo watu wengi hutokwa na jasho, na pembeni mwa pua pana mafuta ya ngozi pia.

Ningekuwa wewe ningefanya mambo mawili. Punguza unene. Utando mwembamba unapitisha mvuke kidogo na unafuata ngozi, mnene unakaa kama gamba. Na ngozi iwe kavu na isiyo na mafuta kabla ya kupaka. Watu hupaka losheni nzito asubuhi halafu wanailaumu faundesheni. Mafuta ya losheni, mafuta ya ngozi, mafuta ya chakula, yote ni adui wa utando huu kuliko maji.

Na tafadhali niambie hupashi mchanganyiko huo kwenye jiko. Isododekeni inashika moto, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi kwenye makaa bila wewe kuuona.

NyarDunga

Mwalimu, asante sana. Nilikuwa nimeshika mambo kinyume kabisa. Miezi miwili nimekuwa nikipaka tabaka la pili na la tatu ili "kuukaza", kumbe naujengea jasho paa.

Kuhusu moto: nta nilikuwa nayeyusha kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, ndiyo. Isododekeni sijawahi kuipasha, lakini chupa huwa mezani hapo hapo, hatua mbili kutoka jikoni. Kuanzia kesho inahamia chumba cha mbele, dirisha wazi.

Mrembo254

Mbona mnajisumbua? Mimi namaliza uso kwa kupuliza spreyi ya nywele, mkono mrefu kidogo. Hakuna kinachotoka. Nimefanyia zaidi ya maharusi kumi.

MwalimuKemia

Mrembo254, inashika kweli, kwa sababu nayo ni polima, kitu cha jamii ya plastiki, inayobaki utando baada ya spiriti kuruka. Lakini imepimwa kwa nywele. Spiriti nyingi hivyo inakausha ngozi, na machoni na mapafuni ni hatari. Spreyi za kukaza mekapu zinatumia polima za jamii hiyo hiyo kwa kiasi kilichopimwa kwa uso. Tofauti ya bei haifiki thamani ya jicho la mteja.

NyarDunga

Nakubaliana na Mwalimu. Dada Mrembo, nakuomba uache. Mimi pia nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza na mteja akakaa na macho mekundu hadi keki ilipokatwa.

KijanaKondele

Mimi ni bwana harusi wa Agosti, Mungu akipenda. Shati langu ni jeupe. Ikitokea doa la faundesheni nifanye nini pale pale?

NyarDunga

Hongera kaka. Usipeleke maji haraka, na usisugue, utalisukuma ndani. Rangi ile imefungwa kwenye silikoni na mafuta, maji yatateleza juu yake tu. Tia tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja juu ya doa, ligonge gonge polepole na kitambaa safi, kisha ndipo ufute kwa maji. Waambie wasimamizi wako wabebe chupa ndogo ya sabuni mfukoni. Na mpambaji wa bibi harusi mwambie mapema kwamba mtakumbatiana.

FundiUso_Bungoma

Naomba niongeze jambo ambalo halijatajwa na linaniuma. Faundesheni nyingi zisizochuja zinazofika sokoni kwetu, ukimpaka mtu wa rangi yetu anatoka kama amepakwa majivu. Nilidhani ni rangi tu niliyochagua vibaya. Baadaye nikajifunza ni titaniamu dioksaidi, ule unga mweupe unaotiwa ili kuficha madoa. Kwa ngozi nyeupe unafichika, kwa ngozi nyeusi unaonekana kijivu, na kwenye picha ya mwanga mkali ndiyo balaa. Zikishakauka hizi za utando huwezi hata kuzichanganya usoni ili kurekebisha. Dada NyarDunga, wewe unayechanganya mwenyewe, umelifanyaje hilo?

NyarDunga

FundiUso, umenigusa. Kwa rangi nzito zaidi nimeiondoa kabisa titaniamu. Naficha kwa oksaidi za chuma zenyewe: nyekundu, njano na nyeusi. Zinafunika vya kutosha. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuongeza nyeusi ili kupata rangi nzito, uso ukatoka mfu. Weusi wetu una wekundu na umanjano ndani yake. Sasa naanza na nyekundu na njano hadi nipate kitu kama udongo wa mfinyanzi, halafu nyeusi naitia kwa ncha ya kisu.

Jambo jingine lililonichukua muda: unga wa rangi wa kawaida hauchanganyiki vizuri na isododekeni, unajikusanya vidonge vidonge, na kila kidonge kisichofungwa na resini ndicho kinachoachia rangi kwenye kitambaa. Kuna unga uliovikwa silikoni tangu kiwandani. Ni ghali zaidi, naagiza Nairobi, lakini unaingia kama sukari kwenye chai ya moto. Na bado lazima usage. Viwandani wana mashine ya roli tatu. Mimi nina kinu kidogo cha kioo na mkono wangu, nusu saa kwa gramu 20.

Upande wa faundesheni, MamaZawadi, huko kuna maji ndani, kwa hiyo ni kazi nyingine. Maji yanatawanywa matone madogo sana ndani ya silikoni, silikoni ikiwa nje. Jasho likigusa linakuta silikoni, haliyeyushi kitu. Mchanganyiko huo ulikuwa ukinitengana kila baada ya siku mbili hadi niliposoma kwamba unatakiwa kutia chumvi kidogo kwenye maji, asilimia moja au chini ya hapo. Chumvi ya kawaida ya mezani! Umetulia wiki ya tano sasa.

MwalimuKemia

Vizuri sana. Lakini penye maji pana bakteria na ukungu. Lipstiki yako isiyo na maji ina usalama wake, faundesheni haina. Usimpake mteja bila kihifadhi. Fenoksiethanoli hutumika hadi asilimia 1, usivuke hapo. Na kama umetumia zile silikoni nyepesi za mzunguko, yaani ambazo molekuli zake zina umbo la pete, fikiria upya. Umoja wa Ulaya umezibana tangu 2020 katika bidhaa za kuoshwa kwa maji, kwa sababu zinakaa muda mrefu kwenye mazingira bila kuoza. Wewe maji yako ya kunawa yanakwenda wapi? Sisi sote tunajua yanakwenda ziwani.

NyarDunga

Nimezitoa wiki iliyopita. Baba yangu ni mvuvi.

Wuon_Duka

Nasoma kama mfanyabiashara. Dada, kabla hujamuuzia mtu hata chupa moja, pita ofisi ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) hapa Kisumu uulize kuhusu alama ya ubora. Pia KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, wana kituo hapa hapa, kazi yao ni kusaidia wenye viwanda vidogo, hata ukitafuta pa kupimia na vifaa vya kusagia. Nusu saa kwa gramu 20 haitakufikisha.

Na huyo Hazel Bishop aliyetajwa na Mwalimu nimemsoma zaidi. Lipstiki yake iliuzwa dola moja, ikapata soko kubwa ajabu. Lakini hisa nyingi za kampuni zilikuwa zimeingia mikononi mwa mtu wa matangazo, wakafikishana mahakamani, na kufikia 1954 alikuwa ametoka kwenye kampuni yenye jina lake. Jina likaendelea kuuza, mwenyewe hayumo. Mtu akikuletea mtaji, soma karatasi kabla ya kushika pesa, na wakili naye azisome.

NyarDunga

Ndugu, umesema wakati wake. Kuna mtu amenipigia mara mbili mwezi huu. Nitamwambia asubiri.

MamaZawadi_Kakamega

Na kutoa jioni je? Mimi nikivaa hizi za utando nasugua hadi midomo inatoka damu.

BintiMvita

Usisugue mama. Mafuta ya nazi. Paka, acha dakika mbili tatu uende ukatandike kitanda, ukirudi unafuta na pamba. Mwalimu amesema mafuta ni adui wa utando, basi jioni adui huyo ni rafiki yako.

NyarDunga

Wapendwa, narudi baada ya siku tisa. Nimefanya kama Mwalimu alivyosema: tabaka moja, jembamba, uso mkavu, losheni nyepesi nusu saa kabla na kuifuta ziada kwa tishu. Kwenye wa 41 nimepunguza resini kidogo na kuongeza silikoni laini. Nimekwenda nao Kibuye Jumapili, siku ya soko, saa nne hadi saa tisa, nikitembea juani kwa makusudi. Mdomo wa juu haukuinuka. Pembeni mwa pua uliinuka kidogo sana, kama ukubwa wa punje ya mtama.

Kisha nikafanya jaribio nililokuwa nikiliogopa. Nilikwenda kando ya ziwa nikaagiza ngege wa kukaanga na ugali, nikala kwa mkono kama mtu wa nyumbani, bila kujihurumia. Kabla ya kula nilikuwa nimebusu leso nyeupe, safi. Baada ya kula nikabusu tena. Katikati ya mdomo umesimama. Sehemu ya ndani, pale midomo inapokutana, mafuta ya samaki yameula wote, na leso ina mstari mwekundu mwembamba kama uzi.

Kwa hiyo bado. Nafikiria wa 42 niunganishe njia zote mbili alizotaja BintiMvita: chini doa la rangi inayoshika ngozi, kiasi kidogo sana, juu utando, ili mafuta yakila utando ndani ya mdomo, chini pasibaki peupe. Nitaanza kwa kupima kwenye mkono wangu siku mbili nione kama unawasha.

Nahitaji watu sita wa kunijaribia, rangi tofauti za ngozi, angalau wawili wenye ngozi ya mafuta. Wa Kisumu tukutane Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, andikeni hapa chini niwape maelekezo. Kila mtu aje na leso nyeupe, uso bila losheni, na kama una mzio wowote sema kabla sijakugusa.

MamaZawadi_Kakamega

Nina ngozi ya mafuta na nitapanda matatu ya alfajiri. Niandike wa kwanza.

KijanaKondele

Mchumba wangu anakuja. Mimi nitaleta shati.